Mgeni Aliyepanda Kichwani

Homa ya dengue iliniachia siku ya tisa. Majirani wakaja kunipa pole, wakala wali wangu, wakatangaza kwamba nimepona. Kweli, homa ilikuwa imeondoka. Ila iliondoka na usingizi, na furaha, na ile akili ya kujua kwa nini mtu aamke asubuhi asonge ugali. Nikawa nalia nikibangua korosho, nalia nikianua nguo. Mwezi wa pili nikaacha kwenda kisimani peke yangu, kwa sababu niliogopa nitakachofanya nikifika.

Nilimwomba mume wangu anipeleke kwa daktari wa akili. Akasema kwao hakuna wendawazimu. Nikamwomba tena, akasema nile vizuri. Mara ya tatu alikuwa anapulizia mikorosho salfa, hata hakugeuka.

Wifi yangu ndiye aliyepata jibu: nina jini. Si nilivuka mpaka pale Kilambo kununua vitenge? Basi kanifuata kutoka Msumbiji. Hakuna aliyejiuliza jini mwenye heshima zake aje kutafuta nini kwetu Likombe.

Wakamleta fundi wa majini. Nikafunikwa shuka jeupe, ubani ukafukizwa mpaka nikakohoa, na kwa kikohozi hicho wote wakaridhika kwamba mgeni kapanda. Mume wangu, ambaye kwa miaka kumi na moja hajawahi kuniuliza ninataka nini, akapiga magoti mbele yangu.

"Shikamoo, mgeni wetu," akasema. "Tuambie unachotaka, tutakupa."

Nilikaribia kucheka, kikaja kilio. Nikakimeza, nikaikaza sauti ikawa nzito.

"Nataka daktari wa akili. Kesho."

Fundi alikuwa amekwisha kutaja kuku mweupe na chupa mbili za marashi, akanuna. Lakini neno la jini halipingwi. Kulipopambazuka nilikuwa juu ya bodaboda, mume wangu nyuma yangu kanishika kama yai.

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema virusi vinaweza kumtoka mtu mwilini vikamwachia akili imevurugika, na kwamba inatibika. Niliona aibu jinsi nilivyofurahi. Akaniandikia dawa, kisha akamgeukia mume wangu, akamuuliza kwa nini amenichelewesha hivi.

"Hakusema, daktari," akajibu kwa upole. "Angesema ningemleta siku ileile."

Nilisema mara tatu. Kosa langu, nilisema kwa sauti yangu mwenyewe.