Kinyozi Aliyemnyoa Javaraya

Ningaraju alikuwa mwoga, na hakuficha. Mbwa akibweka, alivuka barabara. Mkewe Sakamma alimtania kwamba hata panya wa nyumbani kwao hawamheshimu. Lakini akishika wembe mkono hautetemeki, na Doddakere nzima, kijiji chetu huku India, ilimkabidhi shingo zake bila wasiwasi.

Nikisema nzima, nasema mtaa wa juu. Wa mtaa wa chini, ambao wakubwa wetu waliwahesabu najisi tangu enzi za mababu, walipanda basi kwenda kunyolewa mjini. Si kwamba sheria iliagiza hivyo. Katiba ilikwisha kuufuta unajisi huo kabla Ningaraju hajazaliwa, na shuleni tulikaririshwa sote. Tuliikariri kama tulivyokariri majina ya mito.

Mwaka ule mvua ikabomoa daraja, basi likaacha kuja. Wiki hiyohiyo Javaraya, fundi mwashi wa mtaa wa chini, akafiwa na mama yake. Kwetu mwana hamziki mama yake kabla hajanyolewa kichwa. Akaja dukani mchana kweupe, akasimama mlangoni.

"Kaka Ningaraju, mama amelala ndani tangu alfajiri. Basi hakuna. Nisaidie."

"Ngoja giza liingie. Nitakuja kwako kwa njia ya nyuma."

"Mama yangu hakuiba kitu hata azikwe kwa kujificha. Kile kiti nina haki nacho kama mtu mwingine, na wewe unajua. Kama hutaki, sema hutaki."

Kwenye benchi walikuwapo wateja wawili wa mtaa wa juu. Waliinuka, wakatoka bila kuaga. Ningaraju akakipangusa kiti.

"Kaa," akasema. "Kaa upesi."

Baadaye aliniambia haukuwa ushujaa. Ulimi wake tu haukuliona neno "hapana" mbele ya mtu aliyefiwa.

Jioni akaja Chennegowda, ambaye nusu ya kijiji hulima mashamba yake. Hakuingia ndani.

"Ningaraju, siku hizi umefungua saluni ya serikali?" Waliomfuata wakacheka. "Jumatatu njoo mbele ya hekalu, uape kwamba wembe wako hautagusa tena vichwa vile. Tutasahau. Sisi watu wapole."

"Na nisipoapa, bwana mkubwa?"

"Nani kasema hutaapa?"

Kesho yake hakuja mteja hata mmoja. Kinu kikakataa kumsagia ulezi. Muuza maziwa akapita mlango wake kama anapita kaburi. Bombani, Sakamma akifika, wanawake wananyamaza; akiondoka, anasikia mazungumzo yakianza upya nyuma yake. Mawe yakaangukia vigae vya paa, na binti yao Girija akagoma kwenda shule.

Ningaraju akavuka mto, maji yakimfika kifuani, akaenda kituo cha polisi. Afande alimsikiliza huku akichokonoa meno.

"Katiba iko Delhi, mzee. Wewe unaishi Doddakere. Nenda mkaelewane."

Aliporudi, alimkuta kijana wa Chennegowda amekaa barazani kwake, anatafuna tambuu.

"Umelowa, kaka. Ulikwenda kuvua samaki?"

Hapo ndipo hofu ilipomwingia mifupani. Hakuwa amemwambia mtu anakokwenda, isipokuwa mkewe na yule afande.

"Baba Girija, apa," Sakamma akamsihi. "Ni maneno tu. Maneno hayauvunji mguu wako, wala paa letu."

"Nitaapa," akajibu, na alikusudia hivyo kweli.

Jumatatu watu walijaa mbele ya hekalu. Watu wa mtaa wa chini walisimama mbali, pale wanapokomeshwa siku zote, Javaraya akiwa na upara wake wa msiba. Ningaraju akasogea mbele.

"Haya, sema," Chennegowda akamwamuru.

"Mimi kinyozi," akaanza. "Atakayekaa kitini nitamnyoa."

Sauti ilikuwa ndogo mno, wa nyuma wakaulizana, "Kasema nini?" Ikambidi arudie. Mara ya kwanza maneno yalimponyoka. Ya pili alijua anachosema, na alidhani atazimia.

Alasiri kiti chake na kioo vilitupwa barabarani, vikapondwa kwa nyundo. Yeye alijifungia jikoni na familia yake, anasikiliza. Kila pigo likilia, alidhani linalofuata ni la mlango.

Mlango haukuguswa. Javaraya na wenzake ndio waliomtoa, wakamsindikiza hadi kwa mkuu wa wilaya, mwanamke kijana asiyecheka. Alikuja na polisi wa mji mwingine, akaisoma Katiba mbele ya hekalu: unajisi umefutwa, na kumfungia mtu mlango kwa sababu hiyo ni kosa la jinai. Vijana wawili wakakamatwa. Chennegowda akaunganisha viganja kifuani kwa heshima. "Kwetu hapa wote ni ndugu, mama."

Magari yakaondoka. Sisi tukabaki. Kesi inaahirishwa hadi leo.

Javaraya alimjengea kiti kipya cha matofali na saruji, kimeshikana na sakafu. "Hiki wakitaka kukitupa, waje na tingatinga," akasema. Wateja sasa ni wa mtaa wa chini. Pikipiki ikipunguza mwendo nje, Ningaraju huondoa wembe shingoni mwa mteja na kungoja ipite.

Juzi aliingia mwalimu wa shule, mtu wa mtaa wa juu, wa kwanza tangu siku ile. Alikaa ukingoni mwa kiti, macho barabarani.

"Kaka, tafadhali rudishia mlango."

Ningaraju alitazama nje, kisha akamtazama yeye.

"Nikiurudishia sioni vizuri, mwalimu. Nisije nikakukata."

Mwalimu akajisogeza katikati ya kiti. Halafu akainamisha kichwa.