Wimbo wa Mama Watoto kwa Gitaa

Kufikia umri ule hakuna kitu kingenishangaza. Nilikuwa nimeuziwa shamba lenye wenyewe watatu, nimefilisika na kusimama tena, nimezika mke. Niliacha shule darasa la tano nikasukuma mkokoteni wa mchanga, na nyumba zangu za kupangisha kule Mutuini nilizijenga bila digrii ya mtu. Kwa hivyo mambo ya gitaa niliyaona madogo. Nilikuwa nimechoka tu. Mwaka mzima baada ya mazishi niliamka kila asubuhi kama mtu aliyelala juu ya kokoto.

Tulikuwa tunapanga ibada ya ukumbusho, na nilitaka binti yetu, kitinda mimba, apige gitaa. Nilimsomesha shule ya watu wenye pesa, na huko ndiko alifundishwa lile gitaa la nyuzi za nailoni, mguu mmoja juu ya kistuli, vidole vitupu. Wageni wangu wangeona. Wimbo nao ulikuwepo. Zamani, tukiishi chumba kimoja Mutuini, mama watoto alijirekodi kwa kaseti akiimba wimbo wake mwenyewe, ule wa kufulia nguo. Watu walikuwa wameshahamia CD, lakini kaseti ile niliitunza kama hati ya shamba. Kuisikiliza ndiyo sikuweza.

Niliipeleka Parklands kwa mwalimu wa gitaa wa binti auandike wimbo kwa noti. Niliporudi kuchukua, karatasi zilikuwa tayari.

"Nimeuandika kama nilivyousikia, mzee," akasema. "Doh ni G. Mwendo ni mapigo tisini na sita kwa dakika. Na hapa juu nimeandika: kwa furaha, kama mtu anayecheza."

Akaupiga. Ulirukaruka kama mbuzi aliyezaliwa juzi. Nikalipa bila kubishana, na mimi hubishana hata na daktari. Nikawaza, naam, huyo ndiye mke wa mtu aliyefanikiwa.

Binti alizipokea karatasi sebuleni kwetu Loresho, akapiga nusu, akaweka gitaa chini.

"Huyu si Mum."

"Ni yeye. Imetoka kwa kaseti."

"Daddy, Mum alikuwa anaimba pole pole. Na chini. Amenibeba mgongoni mpaka nikawa mkubwa, hiyo wimbo nilikuwa naisikia na kifua."

"Mtoto wa mgongoni anajua nini, mami? Aimbe pole pole kwa nini?"

"Alikuwa amechoka. Wewe hukuwa unakuwa home."

"Nilikuwa natafuta karo yako."

"Najua. Lakini hii sipigi. Tafuta mtu wa kinanda."

Hakuwa ananitisha tu. Kichwa chake ni changu, akisema hapigi hapigi, na mama yake angekumbukwa kwa kinanda cha kukodisha. Nikarudi Parklands kumwambia mwalimu amlazimishe. Mwalimu akakataa kwa heshima, akasema kwanza tusikilize pamoja mpaka mwisho. Akachomeka redio yake kubwa ya stima ukutani, akaiwasha. Sauti ya mama watoto ikatoka nyembamba, mbio mbio, kama msichana wa shule ya Jumapili. Nilishika kiti. Wimbo ulipoisha, kasauti kama ka bata kakapiga kelele: "Zima hiyo! Unamaliza betri!"

"Hapo kuna mtoto," mwalimu akasema. "Ni kaka ya binti yako?"

"Mwalimu, huyo ni mimi."

Akaniangalia. Sauti yangu mpangaji huisikia nikiwa bado barabarani.

Hapo ndipo nilielewa. Siku zile tulikuwa tunaanika betri. Zikiisha unazitoa, unaziweka juu ya mabati zipigwe na jua, zinapata nguvu kidogo ya kusikiliza habari na matangazo ya vifo. Redio inakuwa inavuta, kaseti inazunguka kwa shida. Kama ilirekodi ikivuta hivyo, basi kwa redio ya stima lazima ikimbie. Mwalimu alizaliwa nyumba yenye stima. Angejulia wapi?

Redio ya zamani ilikuwa stoo. Betri zilizokwisha nilizipata kwa tochi ya mlinzi wetu, nikamnunulia mpya nne.

"Mzee, uko sawa?" akauliza.

"Niko sawa. Lete."

Nikazianika juu ya kibanda chake, majirani wakipita na mbwa wao, wakinisalimia kwa mbali.

Alasiri nikamwita binti. Redio ikavuta. Sauti ikatoka chini, nzito, ikipumzika katikati ya mistari, na nyuma yake maji yakimwagika kwa beseni. Halafu nikaja mimi, sauti yangu kamili: "Zima hiyo! Unamaliza betri!" Beseni likawekwa chini, kaseti ikakatika.

Binti hakugeuka. "Ndiye huyo," akasema. Kisha: "Na wewe ndiye huyo."

Nikabeba redio, betri zake na kaseti, nikarudi Parklands.

Mwalimu aliandika upya. Doh ikashuka mpaka D, na binti akaambiwa alegeze ule uzi mnene ufike huko chini. Mwendo ukawa sabini na mbili. Pale palipoandikwa "kwa furaha" aliniuliza aweke nini.

"Andika: kwa uchovu."

"Mzee, kwa muziki hatuandiki hivyo."

"Andika. Mimi ndiye ninalipa."

Siku ya ibada binti alipiga Mutuini, chini ya hema, akakataa spika. Wageni wa nyuma hawakusikia kitu, wakaanza kuongea mambo ya mvua. Mimi nilikuwa mbele. Nilifumba macho nikasikia maji ya beseni, ambayo hayakuwa kwa karatasi.

Kuandika mara ya kwanza, kuandika mara ya pili, na betri nne za mlinzi: shilingi elfu kumi na mbili, mia moja na arobaini.