Buluu ya Mama, Manjano ya Mama Mdogo

Baba alipofariki aliacha wajane wawili katika nyumba moja ya Chumbageni: mama yangu, na mke mwenziwe niliyemwita mama mdogo. Wote walikaa eda humo humo, na kwa wiki nyingi hawakusemezana. Maneno yao yalipitia kwangu. "Mwambie mama yako mdogo chumvi imekwisha," mama alisema, na mama mdogo mwenyewe ameketi hatua tatu tu kutoka hapo, anasikia.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Shuleni mwalimu wetu alitugawia rangi za maji, akatuambia tuchore watu wa nyumbani. Mama alikuwa amenikataza kuchora kiumbe chenye roho, nami sikutaka kumuudhi yeye wala mwalimu. Nikapaka rangi tupu. Mama nilimfanya buluu nzito, maana ndivyo nilivyomwona tangu msiba. Mama mdogo, ambaye hata katika huzuni hakuacha kunitania, nikamfanya manjano. Kati yao nikapitisha mstari mpana mweusi.

Mwalimu aliigeuza karatasi huku na huku. "Watu wako wapi?" Nikamweleza. Hakucheka. "Kawaonyeshe wenyewe," alisema.

Mama mdogo ndiye aliyeiona kwanza.

"Mimi ni hii manjano?"

"Ndiyo, mama mdogo."

"Na huu mstari?"

"Ni kule kutosemezana kwenu."

Aliinuka, akaipeleka jikoni kwa mama. Nilimfuata hadi mlangoni nikijua nitachapwa. Mama alifuta mikono, akaipokea, nami nikamweleza tena.

"Mwenzangu," akamwambia mama mdogo, "mtoto huyu tumemfanya nini?"

Sitasema walipendana tangu siku ile. Walizungumza habari za chumvi na kuni, baadaye habari za baba, na mara moja niliwakuta wanalia pamoja. Eda ilipokwisha, mama mdogo alirudi kwao Ushongo. Mama ndiye aliyemfungia mizigo.

Wiki ile nilipaka tena rangi zao. Sikungoja rangi ya kwanza ikauke. Buluu ikaingia kwenye manjano, na mpakani pakatokea kijani ambacho sikukikusudia. Nimepaka rangi miaka mingi tangu hapo, na bado sijui niite nini kilichokuwa kati yao. Upendo hasa haukuwa, wala uadui. Mama aliiomba picha hiyo, akaikunja ndani ya kanga mpya, akampa mtu aliyekuwa akienda Ushongo.