Watoto Watatu

Kwa miaka ishirini na sita Shangazi, kama wote walivyomwita, alikaa kwenye dirisha la tanzia, chini kabisa ya jengo la gazeti kubwa la kila siku. Ghorofani waandishi walikimbizana na mawaziri. Yeye alikuwa na kalamu nyekundu, boksi la tishu, na kiti cha mteja kilichofungwa waya mguu mmoja.

Hakupokea tangazo mpaka mfiwa alisome kwa sauti. "Ukisoma kimoyomoyo unaruka mtu, mwanangu." Na kweli, watu walikwama katikati: "Lo! Nimemsahau mama mkwe!" Wakacheka huku wanalia.

Kisha mama yake mwenyewe akafariki. Shangazi aliandika tangazo asubuhi, macho makavu, akampa msahihishaji aliyeshuka dirishani, mzee waliyemwita Miwani. Miwani akamwonyesha kile kiti.

"Kaa. Soma."

"Mimi tena?"

"Kwani si wewe uliyefiwa?"

Akasoma. Marehemu ameacha watoto watatu. Akajitaja yeye, akamtaja dada yake, akaingia kwa wajukuu.

"Watatu, nami nimesikia wawili," alisema Miwani.

"Umesikia vizuri."

Wa tatu alikuwa mdogo wao wa kiume, kitindamimba, fundi seremala ambaye watu walimwita Baba Mdogo. Miaka sita nyuma, harusini, alisema mbele ya wageni kwamba dada yake huyu ameolewa na gazeti. Ukumbi mzima uliangua kicheko. Shangazi alichukua mkoba wake akaondoka, na tangu siku hiyo hawakusalimiana.

"Dada, ugomvi wenu siujui," Miwani alisema. "Ila ukurasa unafungwa saa tisa. Mtie jina, au futa watatu uandike wawili."

Shangazi aliweka kalamu juu ya neno "watatu". Kumfuta mdogo wake alikuwa amekwisha kumfuta, tena bila kutetemeka. Lakini mama yake alizaa watatu, na aliwataja wote watatu katika sala kila jioni mpaka pumzi ya mwisho. Mkono ukagoma. Akaomba tishu kutoka boksi lake mwenyewe, akaandika jina la mdogo wake pembeni kwa wino mwekundu.

Kesho yake asubuhi Baba Mdogo alisimama mlangoni pa nyumba ya msiba, gazeti kwapani.

"Nilijua utanikata."

"Hata mimi nilijua hivyo. Ingia, unazuia watu."

Mwezi uliofuata alikwenda pale ofisini na msumeno na gundi, akautengeneza ule mguu wa kiti. "Kwa shemeji," alimwambia Miwani, akilipapasa dirisha la gazeti. Shangazi alicheka mpaka akakohoa.

Juzi Baba Mdogo aliketi kwenye kiti hichohicho na tangazo la kifo cha Shangazi mkononi. Mwenyezi Mungu amemwita, na mapenzi Yake yatimizwe. Binti wa dirishani alimwambia asome kwa sauti. Alisoma vizuri mpaka alipofika "ameacha dada mmoja na mdogo wake", hapo akaishusha karatasi.

"Umemruka mtu, mzee?" binti aliuliza.

"Hapana," alisema. "Wote tumo."