Kwaya Iliyotaka Kushindwa

Jumamosi nilikuwa kwenye foleni ya duka la vyakula, Grant Street, nimeshika dagaa zangu, macho kwenye televisheni. Timu moja ya mpira wa kikapu ilikuwa inachapwa vibaya, na kijana Mkenya mbele yangu alikuwa anapiga makofi.

"Unashangilia wenye kushinda?" akauliza mama Mkongomani nyuma yangu, kiongozi wa kwaya ya pili kanisani kwetu.

"Hapana, mama, wanaopigwa ndio wangu! Atakayeshika mkia ana nafasi kubwa ya kumchagua mchezaji chipukizi bora anayeingia ligi mwaka ujao."

Mama akaiweka sombe yake, majani ya muhogo, kwenye kaunta, taratibu. Nikajua anawaza nini. Kwetu, wageni wakifika kutoka kambi za wakimbizi, mchungaji huwapeleka wenye sauti nzuri kwenye kwaya dhaifu.

"Donc, yaani, kesho tukiimba mubaya, ule binti mupya wa sauti ya juu atakuya kwetu?"

"Kabisa, mama!" kijana akajibu.

Jumapili nilikaa mbele makusudi. Kwaya ya mama ikaanza, na ubeti wa kwanza ulikuwa wa kutisha. Hata mtoto mmoja aliziba masikio. Kwenye ubeti wa pili nikaona bega la mama linacheza, halafu kisigino. Wa tatu ulipofika, kanisa zima lilikuwa limesimama, vitambaa vinapepea.

"Mama, na mpango?" nikamuuliza mlangoni.

Akajifuta jasho. "Bon, sawa, tulijikaza kuimba mubaya. Lakini Mungu ameshafika, amekaa, anasikiliza. Nimuambie angoje mwaka kesho?"

Binti akapelekwa kwaya ya kwanza, ambayo sasa ndiyo ilionekana dhaifu. Kijana wa dukani bado anausubiri mwaka wake. Sisi tulicheza Jumapili ileile.