Viatu Mlangoni mwa Darasa

Wiki yake ya kwanza shuleni, kitindamimba wangu alivua viatu mlangoni mwa darasa kila asubuhi, kama afanyavyo nyumbani kwetu Kibokoni na kwenye chuo cha Qurani. Alivipanga taratibu, kisigino kwa kisigino, midomo ikinong'ona jambo alijualo mwenyewe, kana kwamba hajaamka bado. Wenzake walimcheka: "Haya, imamu, tuswalishe!" Naye aliinua macho tu, akatabasamu kama mtu aliyeitwa kutoka mbali. Mimi roho iliniuma. Tangu baba yao afariki, sikutaka wanangu wawe kichekesho cha watu. Nikamwagiza dadake, Thureya, wa darasa la tatu: "Ukimwona avua, mvishe upesi, mwanangu."

Kesho yake nilichungulia langoni mwa shule, hatua chache tu kutoka mlango wa darasa. Thureya aliinama, lakini akavua viatu vyake mwenyewe, akavipanga kando ya vya nduguye. Kumbe soksi yake imetoboka kidoleni, mtoto wa nyumba yangu! Watoto wakaanza kusogea, wakitazama chini. Yule mdogo akaliona lile tundu. Akanyanyua mguu wake polepole, akauweka juu ya kidole cha dadake, watu wasilione.