Test Zangu Zilikuwa Kijani, Marwa Akaitwa Mwizi

Kosa ni langu. Si la kompyuta, si la umeme wa Nyamongo. Jina langu nalificha kwa sababu ndugu zangu bado wanaishi Tarime.

Wakati dhahabu imewachanganya watu huku kwetu, niliandika programu ya duka moja linalonunua kwa wachimbaji wadogo. Ilikaa kwenye kompyuta ya duka, haikuhitaji intaneti. Unaingiza uzito wa kila kipande, inajumlisha. Jioni Marwa, mchomaji wa pale, anayeyusha vyote pamoja, uzito unalinganishwa na jumla ile.

Marwa alikuwa rafiki yangu. Nilikula kwake kuliko kwangu.

Binamu yangu Otieno, fundi wa programu upande wa Kenya, alinishauri niweke test, yaani vijiprogramu vya kuikagua ile kubwa. Unaipa uzito, unaandika jibu sahihi. Ikipatia, inawaka kijani; ikikosea, nyekundu.

"Lakini hesabu upige kwa mkono, sawa?"

Kwa mkono! Uvivu huu, jamani! Niliendesha programu, nikachukua majibu yake, nikayaandika kwenye test kuwa ndiyo sahihi. Zote zikawa kijani. Nikaenda kula ugali kwa Marwa.

Kumbe programu ilikuwa inaongeza kidogo uzito wa kila kipande. Wachimbaji hawakulalamika. Nani alalamike akizidishiwa? Ila jioni dhahabu iliyoyeyushwa ilionekana pungufu, kila siku.

Bosi, mama mmoja mpole, aliniita Marwa akiwepo. "Mwanangu, programu yako inaweza kukosea?"

Nikaendesha test. Kijani tupu. "Haiwezi, mama. Tazama mwenyewe."

Marwa akafukuzwa siku hiyo. Mchomaji akishaitwa mwizi, Nyamongo nzima haimpi kazi. Akarudi kijijini kwao Nyanungu.

Baadaye Otieno alikuja kututembelea, akafungua kazi yangu.

"Haya majibu ulitoa wapi?"

"Kwenye programu."

"Yaani uliuliza programu kama inasema ukweli, ikakuambia eeh?"

Tukapiga hesabu kwa mkono, tukaweka majibu hayo. Test ya kwanza nyekundu. Ya pili nyekundu. Mungu wangu!

Nilimweleza bosi, akanifukuza. Haki yake. Nikapanda pikipiki hadi Nyanungu.

Marwa alikuwa anarekebisha uzio wa zizi. Alinisikiliza bila kuacha kazi.

"Usiniambie mimi," akasema. "Mimi nilijua sijaiba. Kamwambie mzee."

Nilimkuta baba yake uani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nikaeleza yote. Akauliza, "Kwa hiyo mashine ilidanganya?"

"Hapana, baba. Ni mimi."

Nikatamani anipige. "Nilimfukuza mwanangu mezani kwangu," akasema. "Jumapili utakuja kanisani useme hivyohivyo."

Nilisema. Jaribu kueleza test kwa Kikurya mbele ya kanisa zima! Walielewa neno moja tu: nilidanganya. Lilitosha.

Bosi alimwita Marwa arudi kazini. Alikataa. Salamu yangu anaiitikia, basi.

Wewe unayeandika programu, lijue jibu kabla hujaiuliza. Na siku utakapoulizwa kama kazi yako inaweza kukosea, funga hiyo kompyuta useme ndiyo, kisha ukakague upya.